Wachukuzi Wanne
Somo kwa waalimu na washarika juu ya kliniki ya mkoba katika nchi ya Malinyi

Masomo ya kusomwa kwanza: Marko 2:1-12, 2 Wafalme 5:1-14, Marko 9:14-29, Luka 10:25-37.



Mwezi huu tumeona vema kutoa somo juu ya Amri ya Tano, ile itukatazayo kuua. Watu wengi wakiisikia amri hii husema moyoni: Mimi sikumwaga damu ya mtu, basi nimeishika. Lakini Dr. Martin Luther, alipoieleza katika Katekisimo Ndogo, alituonyesha ya kuwa amri hii ina pande mbili. Upande mmoja watukataza kumdhuru mwenzetu mwilini mwake. Upande wa pili watuagiza kumsaidia katika kila haja ya mwili. Upande wa kwanza twaukumbuka sana. Ule wa pili tumeuacha kama jembe lililosahauliwa shambani.

Tufikiri basi jambo hili. Mtoto amekufa kwa ugonjwa uliokuwa na kinga. Kinga hiyo ilifika kijiji cha jirani siku ya Jumanne, katika sanduku, bure. Sisi tulijua siku ile, wala hatukwenda kumwambia mama yake aliyekuwa shambani ng'ambo ya mto. Je, tumeishika amri? Hilo ndilo swali la somo letu, nalo si swali la watu wa mbali. Ni letu sisi tukaao katika bonde la Kilombero.

1. Habari ya wale wanne

Mkiisoma habari ya Kapernaumu, angalieni jambo moja. Bwana Yesu yumo nyumbani, na uwezo wake wa kuponya uko, haukupungua. Hata hivyo yule mwenye kupooza asingalifika mbele yake kama si watu wanne. Majina yao hatuyajui. Hatuambiwi kama walikuwa ndugu zake au jirani tu. Twaijua kazi yao: walimchukua, wakakuta mlango umezibwa na watu, wakapanda darini, wakafumua dari, wakamshusha pamoja na kitanda chake. Tena Injili yatuonyesha ya kuwa Bwana aliiangalia imani yao hao wanne, wala si imani ya mgonjwa peke yake.

Imani yao ilionekanaje? Ilionekana katika mabega yaliyochoka na mikono iliyojaa vumbi la dari. Mtu mmoja asingaliweza kazi ile; na kama wangalikuwa watatu, kitanda kingaliinama upande mmoja. Basi twajifunza ya kuwa kati ya mgonjwa na uponyaji pana njia, na njia hiyo hutaka wachukuzi. Daktari aweza kuwa hodari, dawa yaweza kuwa nzuri, lakini pasipo wachukuzi mgonjwa atakufa akiwa mbali nayo kwa mwendo wa siku moja.

2. Nchi yetu ilivyo

Bonde letu liko kati ya milima ya Udzungwa na milima ya Mahenge. Mto Kilombero hupita katikati, ukipokea maji ya mito mingi itokayo milimani, hata mwisho hukutana na Luwegu na kuwa mto mkubwa wa Rufiji. Wakati wa masika, tangu Machi hata Mei, maji hufurika na kufunika mbuga, na mahali palipokuwa na njia ya baiskeli hupita mtumbwi. Mafuriko hayo ndiyo yanayotupa rutuba, na mpunga wetu walishwa nayo. Lakini maji yayo hayo hukata njia ya wagonjwa, na katika madimbwi yaliyobaki huzaliwa mbu.

Tena kuna desturi yetu ya kulima. Mashamba ya mpunga mara nyingi yako mbali na kijiji. Wakati wa kupanda, na wa kuwinga ndege, na wa kuvuna, watu huhama nyumba zao, wakakaa shambani katika madungu kwa majuma au miezi. Mama huenda na watoto wake wadogo, hata aliye mjamzito huenda. Huko hakuna zahanati wala duka la dawa, na dungu halina kuta za kuzuia mbu. Basi katika majira yale yale ambayo ugonjwa huzidi, watu huwa mbali zaidi na msaada.

Kutoka Ifakara kuja Malinyi mtu hupita Lupiro, Itete na Mtimbira. Zamani wote walivuka mto Kilombero kwa kivuko, na maji yakizidi walingoja ng'ambo. Mwaka 2018 daraja kubwa lilifunguliwa rasmi, nasi twamshukuru Mungu kwa ajili yake. Lakini daraja moja halikaushi vijito vyote. Katika nchi ya Malinyi tunayo hospitali ya kanisa letu huko Lugala, na Ifakara iko Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, iliyoanzishwa na ndugu zetu Wakatoliki. Hizi ni nyumba za msaada mkubwa. Walakini nyumba haina miguu. Ndiyo sababu kazi ya uuguzi yenyewe imepewa miguu, nayo ndiyo tuiitayo kliniki ya mkoba.

3. Kliniki ya mkoba ni nini

Mkoba ni chombo cha msafiri. Ndani yake hutia yale asiyoweza kuyakosa njiani. Hivyo wauguzi hutia katika masanduku yao mizani, chanjo, vipimo, dawa na vitabu vya kuandikia, wakatoka kwenda kijiji kisicho na zahanati. Huenda kwa gari, au kwa pikipiki, au kwa mtumbwi, na mahali pengine kwa ndege ndogo.

Kazi hii si mpya katika Afrika ya Mashariki. Mwaka 1957 daktari mpasuaji Michael Wood, pamoja na wenzake Archibald McIndoe na Tom Rees, walianzisha kazi ya madaktari warukao kwa ndege, makao yake Nairobi, ambayo leo yajulikana kwa jina la Amref. Katika kanisa letu, hospitali ya Haydom, iliyofunguliwa mwaka 1955 katika nchi ya Mbulu, imekwenda kwa watu wake kwa njia ya nchi kavu na ya anga pia.

Na siku ya mkoba hupitaje? Wauguzi hufika asubuhi, wakakaa chini ya mwembe au ndani ya kanisa. Kwanza watoto hupimwa uzito, na mkono wa juu wa mtoto huzungushiwa utepe wenye rangi. Utepe ukisimama penye kijani, mtoto hali njema. Penye manjano, yafaa kumwangalia. Penye nyekundu, yaani chini ya sentimita 11.5, mtoto huyo yumo hatarini kwa kukosa chakula chema, hata kama tumbo lake laonekana kubwa. Kisha hufuata chanjo. Baadaye mama wajawazito huangaliwa mmoja mmoja. Mwenye homa hutobolewa kidole, na tone la damu hujaribiwa, na kwa muda wa dakika 15 au 20 hujulikana kama ana malaria. Mwisho wenye magonjwa ya siku nyingi hupewa dawa za mwezi. Jioni wauguzi hufunga masanduku, wakaenda zao.

Hapa yatupasa tueleze habari ya baridi, maana wengi huwanung'unikia wauguzi pasipo kuijua. Chanjo ni kitu kilaini. Haina budi kukaa katika baridi, kati ya nyuzi 2 na nyuzi 8, tangu ilipotengenezwa hata iingiapo mwilini mwa mtoto. Ikipata joto hufa, wala huwezi kuijua kwa macho kuwa imekufa. Ndiyo sababu husafiri katika sanduku lenye barafu. Tena chanjo ya surua huja katika chupa kama unga, na kwa kawaida chupa moja yatosha watoto 10. Ikiisha kuchanganywa na maji yake, yatumika kwa muda wa saa 6 tu, masalio hutupwa. Basi mama 10 wakifika pamoja asubuhi, hakuna kinachopotea. Lakini akija mmoja asubuhi, na mwingine jioni barafu ikiisha kuyeyuka, jueni ya kuwa si ukali wa muuguzi umfanyao aseme siku imekwisha.

Na siku za chanjo kwa watoto wetu ni hizi: azaliwapo, hupewa ya kifua kikuu na ya polio, halafu hurudi akiwa na majuma 6, majuma 10 na majuma 14, kisha miezi 9 na miezi 18 kwa ajili ya surua na rubela. Mwalimu na aziandike siku hizi ukutani mwa kanisa, mahali pa kuonekana na wote.

4. Siku moja na siku ishirini na tisa

Sasa twafika penye kiini cha somo. Mkoba huja siku moja katika mwezi. Siku 29 zilizobaki ni za nani? Ugonjwa hausomi kalenda. Basi msiseme moyoni: Tunao mkoba, mambo yote yamekwisha. Kama usharika hautazishika siku zile nyingine, ile siku moja itafanana na mvua ya siku moja juu ya shamba lisilolimwa.

Tutaje mambo matatu.

La kwanza ni degedege. Wengi wetu tuliambiwa tulipokuwa wadogo ya kuwa degedege huletwa na ndege apitaye usiku, au na shetani, na ya kuwa mtoto wa degedege akipigwa sindano atakufa. Kwa sababu hiyo mtoto hupelekwa kwanza kwa mganga wa kienyeji, akafukizwa na kuogeshwa, na saa zikapita. Ndugu, tuseme wazi: katika nchi yetu degedege mara nyingi ni malaria iliyozidi, na mara nyingine ni homa ya namna nyingine. Watoto waliokufa baada ya sindano hawakuuawa na sindano. Waliletwa wakiwa wamechelewa. Mtoto akishikwa, mlazeni kwa ubavu, msitie kitu chochote kinywani mwake, wala dawa wala kijiko, mkaondoke naye mara moja, usiku au mchana. Msiungoje mkoba. Hata mtoto mwenye homa tu, kabla ya degedege, yafaa apimwe na kupewa dawa ya mseto siku iyo hiyo au kesho yake.

Na kuzuia ni bora kuliko kuponya. Mwaka 1957 Profesa Rudolf Geigy wa Basel, Uswisi, alianzisha nyumba ya uchunguzi huko Ifakara, ambayo leo ni Taasisi ya Afya Ifakara. Kuanzia mwaka 1997 wachunguzi waliuza vyandarua vilivyotiwa dawa katika Kilombero na Ulanga kwa bei nafuu, vikaitwa Zuia Mbu, na watu wa vijiji wenyewe walikuwa wauzaji. Kisha wakahesabu. Wakaona ya kuwa kuishi kwa watoto wadogo waliolala ndani ya vyandarua hivyo, tangu mwezi mmoja hata miaka minne, kulizidi kwa kadiri ya 27 katika 100. Habari hiyo ilisomwa ulimwenguni pote, nayo ilitoka hapa bondeni kwetu. Basi ni aibu gani sisi kukiacha chandarua kijijini, kikifunika vifaranga, wakati watoto wamelala dunguni pasipo kitu! Ahamaye kwenda shambani, kitu cha kwanza kufungasha na kiwe chandarua.

La pili ni mama mjamzito. Muuguzi wa mkoba humpima, akamwambia siku zake za kurudi. Lakini uchungu haumngoji muuguzi. Kwa hiyo nyumba iliyo mbali, au iliyo ng'ambo ya kijito, yapaswa kufanya shauri mapema: nani atamchukua, kwa chombo gani, na fedha ya nauli iko wapi. Yafaa mama asogee karibu na hospitali kabla siku hazijatimia, hasa katika masika. Na hizi ndizo dalili zisizongoja hata saa moja: kutoka damu, kichwa kuuma sana pamoja na macho kuona giza, kuvimba uso na mikono, degedege la mama, maji kupasuka kabla ya uchungu, na mtoto kuacha kucheza tumboni. Mume asiseme: Nipo katika kuvuna, tungoje Jumamosi. Mpunga ukimwagika waweza kulimwa tena mwaka ujao.

La tatu ni kifafa, ugonjwa ulioisumbua sana nchi ya Ulanga tangu zamani. Mwaka 1960 daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norwei, alianzisha kliniki ya kifafa huko Mahenge. Aliwakuta wagonjwa wenye makovu makubwa ya moto. Kwa nini? Kwa sababu watu waliyaogopa mate ya mgonjwa, wakidhani yanaambukiza. Alipoangukia jikoni hakuna aliyethubutu kumvuta. Aliwapa dawa ya kumezwa kila siku, na wengi wakapata nafuu, wakarudi kulima na kula pamoja na jamaa zao. Wachunguzi wameonyesha pia ya kuwa kifafa katika milima ile kina uhusiano na usubi, ugonjwa uletwao na inzi wadogo weusi wazaliao katika mito iendayo kasi. Na dawa ya usubi imegawiwa kwa watu tangu miaka ya 1990. Ndiyo maana yafaa kila apewaye aimeze igawiwapo, hata ajionaye mzima.

Basi someni tena Marko 9, habari ya kijana aliyeangushwa motoni na majini. Wanafunzi walishindana kwa maneno na waandishi, na kijana yupo chini. Bwana aliagiza aletwe kwake, kisha akamshika mkono. Alimgusa. Kifafa hakiambukizwi kwa mate wala kwa kugusa. Mkristo aonaye mgonjwa ameanguka karibu na moto akasimama mbali, huyo ameivunja Amri ya Tano hali amesimama.

5. Kumaliza mwendo

Naamani aliambiwa ajichovye Yordani mara saba. Twauliza darasani: je, alipotoka majini mara ya tatu, alikuwa safi? Maandiko hayasemi hivyo. Alitakasika baada ya mara ya saba. Kama angalitoka mara ya sita, akasema maji haya hayana nguvu, angalirudi Shamu na ukoma wake.

Hivyo ndivyo ilivyo kwa dawa. Mgonjwa wa kifua kikuu kwa kawaida hutumia dawa miezi 6. Baada ya mwezi mmoja au miwili kikohozi hupungua, mwili hurudi, naye husema: Nimepona, nitawaachia wengine. Huyo ametoka mtoni kabla ya mara ya saba. Ugonjwa hurudi, tena hurudi ukiwa umeizoea dawa, na wa nyumbani mwake huambukizwa. Mwenye kifafa naye asiache dawa ghafula, maana kuanguka kwaweza kuja kwa nguvu kuliko kwanza. Kazi ya mwalimu ni ile ya watumishi wa Naamani. Wao hawakuwa madaktari wala manabii. Walisema naye kwa upole, wakamsihi bwana wao afanye neno lililo jepesi. Maneno yao machache yalimponya.

6. Je, dawa ni upungufu wa imani?

Wako wasemao: Mimi namwamini Mungu, sitaki sindano, tutaomba tu. Twajibu kwa upole. Hezekia aliomba kwa machozi, na Mungu akamsikia. Lakini nabii Isaya aliagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu lake (2 Wafalme 20:1-7). Maombi na dawa vilikaa katika chumba kimoja. Tena mwinjilisti Luka alikuwa tabibu, wala hatusomi kuwa Paulo alimwambia autupe mfuko wake.

Mwaka 1527 tauni iliingia mji wa Wittenberg. Wengi walikimbia, na chuo kikuu kikahamishwa. Luther alibaki na mchungaji Bugenhagen, akiwaangalia wagonjwa, hata nyumba yake ikawa kama nyumba ya kuuguzia. Wachungaji wa mji wa Breslau walipomwuliza kama Mkristo aweza kuikimbia tauni, aliwajibu kwa barua ndefu. Aliwafundisha ya kuwa aliye na wajibu kwa wengine asiwaache pasipo mwangalizi. Na ya kuwa, baada ya kumwomba Mungu, imempasa mtu kutumia dawa, kuisafisha nyumba, na kutokwenda mahali asipotakiwa, asije akawachukulia wengine ugonjwa. Adharauye dawa, alisema, anamjaribu Mungu, maana Mungu mwenyewe ndiye aliyeziumba dawa na kuwapa watu akili. Basi asiye na chanjo asijisifu kwa imani.

7. Gari hili ni la nani?

Neno la mwisho ni gumu kidogo, lakini hatuwezi kulificha. Katika bonde letu wako Wandamba, Wapogoro, Wabena, Wambunga na wengine, na katika miaka ya karibu wamekuja wafugaji pamoja na ng'ombe zao. Twajua ugomvi uliopo: mpunga umekanyagwa, ng'ombe wamekatwa, watu wamechukiana. Haki ya ardhi na iamuliwe mahali pake, wala hatusemi kuwa mkulima aliyeonewa anyamaze. Lakini mama wa Kisukuma ajapo kwenye mkoba na mtoto mgonjwa mgongoni, akaonyeshwa mwisho wa mstari, au akaambiwa kwamba huduma hii ni ya wenyeji, au ya Wakristo, hapo tumekwisha kumpita yule aliyelala njiani kati ya Yerusalemu na Yeriko. Msamaria hakumwuliza kabila wala dini. Tena hata kwa akili ya dunia tu: surua haitambui mpaka wa shamba. Mtoto mmoja asiyechanjwa katika boma la wafugaji ni hatari kwa watoto wa wakulima, na wa wakulima kwa wale.

Kadhalika jirani zetu Waislamu. Mkoba ukikaa ndani ya kanisa, tangazo na lipelekwe msikitini pia, kwa heshima, na mwalimu mwenyewe.

8. Yaupasayo usharika

Ili somo hili lisiishie masikioni, twashauri kila mtaa uchague wachukuzi wanne, kwa mfano wa wale wa Kapernaumu, wake kwa waume.

Wa kwanza na awe mtangazaji. Kazi yake ni kuijua siku ya mkoba na kuipeleka habari mpaka kwenye madungu na kambi za wavuvi, siku tatu kabla.

Wa pili na awe mwandishi. Aandike watoto wote wa kijiji, wa dini zote, pamoja na siku zao za chanjo. Ajue ni nani hakuja, na kesho yake amwendee.

Wa tatu na awe mtunza chombo. Ahakikishe kuwa mtumbwi, machela, baiskeli au pikipiki iko tayari usiku na mchana, na sanduku dogo la sadaka ya nauli halikai tupu. Sadaka hiyo na ihesabiwe mbele ya watu.

Wa nne na awe mwangalizi. Awatembelee wanaotumia dawa za siku nyingi, asome nao, aombe nao, na kuuliza kama dawa imemezwa. Mtu akimwamini kwa siri ya ugonjwa wake, asiichukue siri hiyo kisimani. Kinywa kilegevu kimewafukuza wagonjwa wengi kuliko umbali wa njia.

Hao wanne wafanye kazi pamoja na mhudumu wa afya wa kijiji, wala wasijifanye madaktari. Tena msidhani ya kuwa mambo kama haya hayawezekani kwa watu wa kawaida. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu karibu milioni 2 wa Tanzania walikutana katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma kijitabu, kisha wakaondoka kwenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Walisoma, wakatenda. Nasi tulio na darasa kila juma, tutashindwaje?

Maswali ya kujibiwa darasani

1. Amri ya Tano ina pande gani mbili? Toa mfano wa kila upande katika kijiji chako.
2. Katika Marko 2, ni kitu gani kiliwazuia wale wanne? Kwetu ni vitu gani vinavyowazuia wagonjwa wasifike?
3. Kwa nini chanjo husafiri katika barafu, na kwa nini yafaa mama wafike mapema?
4. Mtoto akishikwa na degedege usiku wa leo, tutafanya nini kwanza? Kila mmoja ajibu kwa habari ya nyumba yake: njia gani, chombo gani, nani atasaidia.
5. Naamani angalipata hasara gani kama angalitoka majini mara ya sita? Nani kati ya jirani zetu anataka kutoka sasa?
6. Ni watu gani wa kijiji chetu ambao hawajawahi kuonekana kwenye mkoba? Nani atawaendea, na lini?

Waalimu wapenzi, swali la sita lisijibiwe kwa maneno. Liandikeni jina la mtu na siku. Darasa lijalo, kabla ya kufungua Kitabu, ulizeni kama alikwenda.

Bwana aliyeiona imani ya wale wanne aione na yetu. Amina.